Gari la Mashuka

3 Februari

Kasuku wangu,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, ila mgongo ndio unanikumbusha umri. Wewe hujambo? Mkeo na mtoto hawajambo? Huyo mtoto ameshaota meno au bado anatafuna ufizi?

Nina jambo. Ile hosteli ya wanafunzi imekubali nifue mashuka yake yote, lakini wanataka niwapelekee mwenyewe kila Jumatatu asubuhi. Mkokoteni hauwezi kazi hiyo. Mashuka yanafika na vumbi, nayarudia bure. Nataka gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunga sawasawa. Nikilikosa, kazi anapewa jirani yangu, yule mwenye mashine mbili na maneno mia.

Sasa wewe ndiye muuza magari wetu katika ukoo mzima, na mdomo unao tangu utotoni. Nifundishe. Wauza sabuni wameshaninyonya vya kutosha, sitaki zamu ya wavaa tai.

Wasichana wangu wawili wa pasi wanakusalimu.

Mamako mdogo


11 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto ana meno mawili na ameshamng'ata mama yake.

Sikiliza vizuri, haya hakuna muuzaji atakayekuambia. Ukifika, uliza bei ya gari tupu, bila kitu kingine. Hawatakujibu. Watakuuliza unaweza kutoa kiasi gani kwa mwezi. Usitaje! Ukitaja wamekukamata, maana watarundika takataka mpaka kiasi hicho kifike. Watakuletea chai. Kunywa, haina deni. Halafu itakuja dawa ya kung'arisha rangi, ambayo ni nta tu, mambo ya kusugulia viatu. Itafuata dawa ya kutu, namba za kuchorwa kwenye vioo, king'ora, na kidude kinachofichwa ndani ya gari ili likiibwa lijulikane lilipo. Kataa vyote. Wakisema vimeshafungwa haviondoki, simama, chukua mkoba, elekea mlangoni. Watakukimbilia kabla hujashika kitasa. Na wakikuambia bei ni ya leo tu, wewe cheka. Hiyo "leo tu" tunaisema tangu niajiriwe.

Njoo kwetu. Nitakuwepo. Wewe uliyenisomesha kwa mikono ya sabuni, nani atakugusa mbele yangu?

Mwanao,
Kasuku


2 Machi

Kasuku wangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi sijambo, nina furaha na wasiwasi kwa pamoja.

Nilikuja kwenu Alhamisi. Sikukukuta. Wakaniambia umetumwa kupeleka gari kwa mteja. Nikapokelewa na yule mwenzako mnayemwita Tabasamu. Kijana ana adabu huyo! Akanivutia kiti, akaniita mama, chai ikaja, nami nikacheka kwa sauti nikikukumbuka. Alipoanza habari za nta nikamkata: "Hayo mwanangu amenikataza." Akauliza mwanangu ni nani. Nilipokutaja, akasimama wima.

"Mama, samahani sana! Hayo ya kukataa ni ya watu baki. Kwako wewe, Kasuku mwenyewe ameacha maagizo kwamba mama yake asitoke hapa na gari tupu."

Nikaona haya, mwanangu. Nikaona nikikataa nitakuwa nakukataa wewe mbele ya wenzako, kama vile kijana hawezi kumtendea mama yake jambo. Nikasaini kila alipoweka kidole. Vyote nimechukua, hata kidude.

Gari jeupe, linang'aa mpaka jirani kanuna. Ila malipo ya mwezi yamenipita kimo. Kweli uliagiza wewe? Nijibu haraka.

Mamako mdogo


9 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilinibana, na mtoto aliumwa homa, sasa amepona.

Kuhusu gari, naomba unielewe. Pale kwetu kuna utaratibu. Muuzaji hamhudumii ndugu yake, kwa sababu atamwonea huruma. Tunabadilishana. Wangu anakuwa wa Tabasamu, wake anakuwa wangu, kamisheni tunagawana. Nami nilishamhudumia mama yake mwezi wa kwanza. Ningeingilia, ningeonekana msaliti.

Siku ile nilikuwa chumba cha nyuma. Nilikusikia ukicheka.

Lakini vitu vyenyewe si vibaya, Mama. Gari litadumu. Vumilia huu mwaka wa kwanza, ukishazoea hutayasikia hayo malipo.

Mwanao,
Kasuku


20 Julai

Kwa muuzaji,

Habari za kazi? Za nyumbani siulizi.

Nilirudi kwenu mwezi wa tano kuomba mniondolee vile vitu. Wakaniambia vimeshafungwa, haviondoki. Nikasimama, nikachukua mkoba, nikaelekea mlangoni kama ulivyonifundisha. Nikatembea polepole. Nikashika kitasa, nikasubiri. Hakuna aliyenikimbilia.

Hosteli hulipa mwisho wa muhula, nyinyi mnataka kila mwezi. Nilianza kwa kuchelewa, mwisho nikashindwa kabisa. Nikaogopa, nikalificha gari nyuma ya karakana ya rafiki yangu seremala, nikalifunika kwa mashuka mabovu. Watu wenu wakaja asubuhi moja kwa moja kulichukua, hawakumuuliza mtu njia. Seremala akataka kujua wamejuaje. Wakamwambia ni kile kidude. Kidude nilichokuwa nalipia mimi, ili mwizi asinichukulie gari langu.

Hosteli sasa anafulia jirani. Wasichana wa pasi nimewaaga jana, mdogo alilia, mimi sikuweza.

Usidhani nalilia gari. Nimezaliwa bila gari, nitazikwa bila gari. Kinachonikaba ni ile chai. Nilikuwa nimeketi pale nacheka kwa sababu nilikuwa na mwanangu, nikijiona mjanja kuliko wateja wote duniani, na wewe uko nyuma ya ukuta unasikiliza. Ungekohoa tu. Mimi ningekijua kikohozi chako hata katikati ya soko, nimekikeshea miaka mingapi? Ningeweka kalamu chini.

Usinijibu. Ila mashuka ya hosteli yalikuwa ndani ya gari, safi, yamekunjwa, yana uzi mwekundu pembeni. Si yangu na si yenu. Yarudisheni.

Mteja wenu