Gari Bubu la Mulago

Naguru, 1 Septemba 2025

Mwanangu Junaid,

Asalaam aleikum. Natumai huko Doha u mzima. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Dada yako Ruqaiya mzima, ndiye atakayepiga picha barua hii akutumie. Wanawe Yasiin na Nusura wazima, wanang'oka meno. Jirani Aluoch mguu wake umepona. Hata kuku wanataga. Baba yako yu vilevile: mara tatu kwa wiki hospitalini Mulago kusafishwa damu, na kila mara anatapika ndani ya pikapu yetu, kwa ule moshi na kutikisika. Leo amerudi akasema haendi tena. Mwanangu, asipokwenda tunamzika.

Gari ulilotutafutia limekuja, tumepewa tulijaribu mpaka Jumamosi. Ni dogo, limeinuka, mashimo ya mtaa wetu halisikii. Linachomekwa ukutani kama simu, na petroli pia linakunywa. Lakini halina sauti! Ruqaiya aliliwasha, mimi nikamwita Aluoch tusukume. Kumbe linakwenda! Likatuacha tumeinama barabarani. Baba yako, na udereva wake wote wa polisi, anasema, "Gari bubu nitajuaje kama limekufa?"

Nifanyeje?

Mama yako

Doha, 2 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, joto tu. Mwambie Baba simlazimishi. Lijaribu kwa safari zenu za kila siku: sokoni Nakasero, mlimani, kwenye mvua. Lichomekeni jioni, asubuhi litakuwa limejaa. Ukisema ndiyo nalinunua, ukisema hapana linarudi. Nangoja neno lako.

Mwanao

Naguru, 5 Septemba 2025

Mwanangu Junaid,

Wote niliokutajia wazima, na kuku. Nisamehe kunyamaza, nilikuwa na hofu.

Juzi jioni radi ilianza, nikachomoa kila kitu kama kawaida yetu: televisheni, friji, na gari. Sikumwambia mtu.

Asubuhi baba yako akagoma. Nikamwambia, "Basi nipelekwe mimi, nisafishwe damu badala yako." Akacheka, akapanda, mfuko wa kutapikia mkononi.

Kushuka Kamwokya, laini, kimya. Tulipoanza kupanda Mulago, Ruqaiya akasema, "Mama, mbona betri imekwisha?" Wallahi, nikakumbuka ule waya niliouchomoa. Nikaona nimemuua mume wangu kwa kuogopa radi.

Mara, ngurumo ndogo. Petroli imejiamsha yenyewe! Gari halikusita hata kidogo. Baba yako akainua kichwa: "Ahaa, limekohoa! Kumbe lina roho mbili!"

Tukafika, mfuko mkavu. Mkavu, Junaid! Tuliporudi akaomba kisira, mkate wetu mwembamba, na mchuzi, akala, akaongeza.

Kesho ni zamu ya Mulago tena. Ameshatoa kofia yake ya polisi, anaipiga brashi, anataka kiti cha mbele. Waya anachomeka mwenyewe, mimi nimekatazwa hata kuusogelea.

Basi neno langu ni ndiyo, ndiyo kabisa. Muuzaji anakuja kesho asubuhi, kulipwa au kulichukua. Jibu upesi, mwanangu, kabla baba yako hajamfungia geti.

Mama yako