Ulezi Ndani ya Mtambo wa Simu

Jumatatu, 14 Machi 1977
Chai ya rangi, kiporo cha ugali. Mvua tangu alfajiri. Ofisini saa moja na nusu. Nimefuta swichibodi, nimezungusha mkono wake kuita Mbeya. Nimeipata mara ya nne. Sauti ya opereta wa kule ni ya mtu aliyetumbukia ndani ya pipa. Amesema mtambo wetu mpya wa simu umeshatoka bandarini, uko stesheni Mbeya, unangoja lori. Nimemwambia arudie. Amerudia, laini ikakatika.

Umesafiri kwa meli kutoka Hamburg tangu Desemba. Nakala ya waraka wa shehena iko mezani kwangu na nimeshaikariri kama Sala ya Bwana. Sanduku moja. Kilo mia saba na arobaini. Lisilazwe. Lisiangushwe. Lisilowe.

Bosi wa Mbeya alinipa ahadi Januari. Kazi yangu ni kupokea sanduku likiwa na lakiri zake, ile mihuri ya risasi, nzima, na kutia saini. Basi. Kulifungua ni kazi ya mhandisi wa kiwanda, atakayekuja baada ya Pasaka. Saini yangu ikifika Mbeya, barua ya uhamisho inatoka. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu kwa wakwe zangu ni asubuhi moja tu. Mke wangu Tusajigwe atajifungua Mei.

Nitakuwepo.

Jumatano, 16 Machi
Duka la ushirika halina sukari. Nimepanga foleni saa mbili ili niambiwe hivyo.

Mwaka mmoja na miezi minne sasa. Nilipopangiwa Sumbawanga, shangazi alilia. Kila mtu alisema nitarogwa. Hakuna aliyeniroga. Hakuna hata aliyenitazama mara mbili. Wanasalimia vizuri, wanapita, wanarudia Kifipa chao, wanacheka, nami nabaki na Kiswahili changu cha ofisini. Jumapili wao, Wakatoliki, wanajaa kanisani hadi nje. Sisi Wamoraviani tuko saba, kwenye sebule ya mwalimu.

Nina upweke. Nimeandika, halafu nimeona aibu, ila sifuti.

Jumanne, 22 Machi
Telegramu. Lori limeondoka Mbeya jana. Nimefagia chumba cha mtambo mara mbili. Nimepima mlango kwa mara ya tatu. Sanduku litapita, litabakiza vidole vinne.

Alhamisi, 24 Machi
Halijafika. Dereva wa basi la Tunduma ameliona limekwama kwenye tope upande huu wa Laela. Mvua inanyesha kana kwamba imetumwa.

Barua ya Tusajigwe. Miguu imevimba. Mama yake anasema mtoto amekaa vibaya. Mwisho ameandika: usihangaike na zawadi, njoo wewe. Nimekula mkate mkavu nikiisoma.

Jumamosi, 26 Machi
Limefika saa nane mchana. Tope hadi juu ya turubai. Dereva, Zakaria, amechoka lakini kifua mbele. Sanduku ni refu kunizidi, na barabarani lilikuwa linacheza. Kwa hiyo pale Laela alilibana kwa magunia matatu ya ulezi wa watu wanaopika pombe ya Pasaka huku mjini.

"Tangu hapo halikutikisika, fundi," amesema. "Lilitulia kama mtoto mgongoni."

Sikuona kosa. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Hatuna winchi. Balozi wa nyumba kumi ameleta wanaume ishirini kutoka Milanzi. Tumelishusha kwa mbao na kamba, tukalisukuma juu ya magogo ya mikaratusi, hatua kwa hatua, lakini limesimama wima njia nzima. Nimepiga kelele hadi sauti imeniishia. Wamenicheka kidogo. Lakiri nne za risasi, zote nzima. Nimezishika moja moja.

Walipoondoka ndipo nikaona sakafuni. Mstari mwembamba wa ulezi, unatoka kwenye pembe ya chini ya sanduku. Gunia moja lilipasuka njiani. Ubao wa pembeni una ufa, na nailoni ya ndani imechanika, sijui wapi, baharini au relini. Ulezi umeingia. Na maji pia.

Jumapili, 27 Machi
Sikwenda ibadani. Nimekaa na sanduku. Nimeligonga kwa kiganja, punje zimemwagika. Nimeligonga tena, zimemwagika tena. Nimeacha kuligonga.

Jumatatu, 28 Machi
Amekuja mwanamke wa makamo kudai gunia lake. Mama Apolonia, mjane, anakaa nyuma ya soko, anapika pombe. Nimemwonyesha lilipo gunia. Hakulitazama. Amechuchumaa kwenye pembe ya sanduku, ameokota punje, ameiminya kwa kucha.

"Huu umeshaota, baba."

Sikuelewa. Amenishika mkono kama mtoto wa shule na kuubandika kwenye ubao. Ubao una joto. Chumba baridi, nje mvua, ubao una joto.

"Kimea kina joto lake. Mimi nakianika, kinapumua. Wewe umekifungia ndani. Kitatoka jasho, kitaota ukungu. Humo ndani mna nini?"

Nimemwambia: shaba, fedha, nyaya laini kama nywele. Simu ya mkoa mzima.

"Pole," amesema. Amejitwisha gunia, ameondoka.

Nimepeleka telegramu Mbeya kuomba ruhusa ya kufungua.

Jumanne, 29 Machi
Jibu. LAKIRI ZISIGUSWE. TIA SAINI. MHANDISI ANAFIKA APRILI 14.

Siku kumi na sita. Naijua shaba yenye jasho. Siku kumi na sita zinatosha kuifanya kijani.

Jumatano, 30 Machi
Fomu iko mezani. Nimeiandika tarehe. Nimeiacha.

Nasema ukweli hapa kwa kuwa hapana mwingine wa kuusoma. Nikitia saini sitakuwa nimedanganya. Fomu inauliza habari ya lakiri tu, na lakiri ni nzima. Mhandisi atafungua, atakuta uozo, mtambo utarudi baharini, mwingine utakuja baada ya mwaka na nusu. Hakuna atakayenilaumu. Mimi nitakuwa Mbeya. Mwezi Mei nitakuwa Tukuyu, nimeketi nje ya mlango nikingoja kuitwa.

Mchana mjumbe wa hospitali, yule karani mfupi anayetumwa kutuulizia laini kila siku, amekaa saa tatu akingoja Mbeya. Hakupata. Ameshukuru, ameondoka. Walishazoea.

Chumba kimeanza kunuka. Harufu tamu, ya pombe changa.

Saa kumi jioni nimekata lakiri. Zote nne. Ningependa kuandika kwamba nimefanya kwa ajili ya taifa, au kwa ajili ya yule karani. Sidhani. Mimi ni fundi. Nilikuwa nimesimama pale na koleo mkononi, na kitu kizuri kilikuwa kinaoza mbele yangu.

Ndani ni kama shamba. Vimizizi vyeupe katikati ya relei, zile swichi ndogo za umeme, vimejishikiza kwenye vidole vya shaba. Nimekaa sakafuni. Tusajigwe, nisamehe.

Ijumaa, 1 Aprili
Relei mia tisa. Kila moja ina vidole vinavyogusana kupitisha umeme, na kati ya kidole na kidole punje ya ulezi inaenea sawasawa, kana kwamba ilipimwa. Kibano kinaikamua, inapasuka, inaacha ute. Siku nzima nimesafisha relei kumi na nne. Nimepiga hesabu, nimetukana.

Jioni nimekwenda nyuma ya soko. Sijawahi kwenda kwa mtu yeyote mji huu bila kuitwa. Nimesimama uani kwake kama mdai kodi. Shikamoo, mama. Marahaba. Nimemweleza.

Amecheka hadi amekaa chini. "Mnyakyusa ameshindwa na ulezi! Ungekuwa ndizi za kwenu ungeumenya."

Jumatatu, 4 Aprili
Amekuja Jumamosi na mawifi zake wawili. Wameleta manyoya ya kuku, ungo, na nta ya nyuki. Nta anaipasha kwa vidole, anaibandika kwenye ncha ya mwiba, anagusa punje, punje inakuja yenyewe, nzima. Maisha yao yote wametenga ulezi na mchanga. Macho yao yanaona kile ambacho yangu hayaoni. Nimewafundisha kitu kimoja tu, wasiguse nyaya nyekundu. Hawakuzigusa.

Leo tumevuka relei mia nne. Nimeweka jiko la mkaa pembeni kukausha hewa. Wanazungumza Kifipa mchana kutwa. Nashika neno moja katika kumi, na naamini moja katika hayo ni mimi.

Sijacheka hivi tangu likizo ya Agosti, Tukuyu.

Alhamisi, 7 Aprili
Tumemaliza. Relei thelathini na moja zina ukungu, nimezisugua kwa spiriti. Nimewauliza niwape nini. Mama Apolonia amesema, "Kazi ya jirani hiyo, baba." Amekung'uta ungo, amekwenda kuandaa pombe yake. Chumba kimekuwa kimya ghafla. Nimebaki nimeshika unyoya.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka
Mji mzima unaimba. Mama Apolonia amenitumia togwa badala ya pombe, anajua sinywi. Nimeinywa peke yangu, nimesimama dirishani. Sikukuu ni mbaya kuliko siku za kazi.

Alhamisi, 14 Aprili
Mhandisi amefika. Mwembamba, mtaratibu, Kiswahili cha kuokoteza. Kwanza ameziona lakiri zilizokatwa. Ametoa taa ndogo na kuanza safu ya juu, relei moja moja, hadi saa sita. Kwenye safu ya tisa ametoa mche mmoja uliokauka. Ameuweka juu ya karatasi nyeupe.

"Nani amefungua?"

Hapo ningeweza kumtaja Zakaria na magunia yake. Angefukuzwa kabla ya jua kuzama. Nimesema: mimi. Nimemweleza kimea, joto, jasho. Amesikiliza. Amesema nisingefungua, mtambo ungekuwa umekufa. Halafu amefungua daftari na kuandika kwamba lakiri zilikatwa na mtu asiye na idhini, kwa hiyo kiwanda hakidhamini tena chochote. Ameniomba nitie saini chini. Hana ubaya. Kanuni ni kanuni.

Ijumaa, 22 Aprili
Mtambo unafanya kazi. Asubuhi umeita Mbeya mara ya kwanza, bila kuzungusha mkono. Opereta amesema "Sumbawanga?" kama anayemwona mtu aliyedhaniwa amekufa. Karani wa hospitali amepata laini kwa dakika moja. Ametazama huku na huku kutafuta wa kumshukuru. Nilikuwa nyuma ya mtambo.

Jumanne, 26 Aprili
Barua ya bosi. Aya tatu.

Ya kwanza: karipio. Litawekwa kwenye faili.
Ya pili: kwa kuwa dhamana ya kiwanda imefutika, mtambo unahitaji fundi wa kukaa nao kila siku, na hakuna anayeujua ndani kama mimi.
Ya tatu: uhamisho umesimamishwa kwa miaka miwili. Likizo itafikiriwa fundi wa pili akipatikana.

Nimeupiga teke mlango. Mguu unauma. Nimejiuliza kama ningejua, ningekata? Nataka kuandika hapana. Mkono haukubali.

Nimemwandikia Tusajigwe ukurasa mmoja. Nimeandika kila kitu isipokuwa kwamba nilikuwa na nafasi ya kuchagua. Halafu nimeichana, nimeandika upya, na hilo nimeliandika.

Ijumaa, 6 Mei
Telegramu kutoka kwa shemeji. MTOTO WA KIKE. WOTE WAZIMA.

Nimemwambia karani wa hospitali kwa kuwa ndiye aliyekuwa kaunta. Amesema hongera, ameomba laini ya Mbeya. Nimempa.

Jumatano, 18 Mei
Barua ya Tusajigwe. Mistari minne. Amesoma. Anashukuru kwamba sikumficha. Mtoto ameota nywele nyingi. Hakuandika njoo.

Jumamosi, 11 Juni
Baridi. Upepo mkavu kutoka upande wa Mollo, vumbi kila mahali. Nimepangusa mtambo, nimeandika vipimo vya betri.

Saa nne Tusajigwe amepiga kutoka posta ya Tukuyu. Hakunitaarifu. Sauti yake imeingia chumbani yote, kama yuko upande wa pili wa meza. Tumeulizana hali. Mimi nimeuliza mvua, yeye ameuliza kama bado ninakula mkate mkavu. Halafu tumenyamaza. Tulikuwa tumezoea kelele za laini ya zamani, zilikuwa zinatusaidia.

Nimeomba nimsikie mtoto. Amesema amelala. Hata hivyo amemwekea mkono wa simu mdomoni. Nimesikia mtu wa kaunta akigonga muhuri. Nimesikia kanga ikisogezwa. Kisha pumzi, fupi fupi, za haraka.

Dakika tatu za kulipia zimepita. Opereta wa Mbeya hakukata. Zimepita sita, hakukata. Sijawahi kumwona mtu huyo.

Saa sita nimefunga ofisi. Nimepitia sokoni, nimenunua mkaa, nimerudi nyumbani.