Kidole cha Baba na Mwisho wa Lehibe

Jumatatu, 7 Agosti 2006
Limefika! Binamu yangu Fazul wa Reunion kalituma kwa mkono wa jirani. Sanduku la bati, toleo maalumu: diski mbili, kijitabu cha michoro, na roboti Lehibe mwenyewe wa plastiki, kimo cha kidole. Maoulida, mume wangu, kanicheka — mwanamke wa miaka thelathini na minane na katuni ya Kijapani! Acheke. Naandika kwa Kiswahili, lugha ya miaka yangu ya Unguja kwa shangazi. Yeye akifungua daftari hili haambulii kitu.

Ni zawadi ya mdogo wangu Nourdine, huko kisiwani Nosy Be. Sitaigusa.

Jumanne, 8 Agosti
Nourdine kapiga simu mara tatu! Amealika mtaa mzima Jumamosi ya tarehe 19, alasiri. Projekta kaazima hotelini anakotengeneza mashine za boti. Anataka kuona mwisho. Miaka yote tuliona mpaka Lehibe, lile roboti kubwa, anapiga magoti na mlango wa kifuani unafunguka. Hapo televisheni nyeusi! Baba alikuwa akisema kanda imeharibika hapo.

Baba Assoumani na ukumbi wake wa video, hapa mtaani kwetu Ampisikina. Mabenchi sita. Kanda alipewa na baharia Mjapani wa meli ya kuvua kamba, nayo ni Kijapani kitupu. Basi Baba anasimama kando na kijiti, anasimulia kwa Kimalagasi hadithi aliyoitunga mwenyewe. Mji unaoshambuliwa kauita Katsepy, kama kule ng'ambo ya maji — watu wa Katsepy wakavuka kwa feri kuja kuuona mji wao ukiungua! Na rubani wa Lehibe kampa jina Nourdine. Mwisho aliusema kwa mdomo tu: Nourdine anatoka mzima, anakwenda kumwamkia mama yake.

Nourdine anadai lile jina Baba aliliokota tu, lilikuwa karibu. Waligombana alipokataa kurithi ukumbi, akaondoka, wakanuniana miaka minne, Baba akafa. Tangu hapo kila simu ni hayo hayo: Baba hakunipenda. Yananiuma.

Alhamisi, 10 Agosti
Nimeigusa. Nimeitazama yote, kwa Kifaransa.

Astaghfirullah! Katsepy iko mwezini. Rubani ni msichana! Yule adui wa kinyago tuliyemzomea miaka yote ni mjomba wake, tena ana hoja. Nimecheka mpaka Maoulida akaja kukaa.

Kisha mwisho. Lehibe anapiga magoti, mlango unafunguka. Kiti kitupu. Hakuna mtu. Upepo tu, na majina ya wachoraji yanapanda. Maoulida aliinuka akaenda zake. Nourdine amengoja miaka ishirini kujiona akitoka mle. Nitampaje hiki?

Jumapili, 13 Agosti
Nimepata! Diski ina sauti ya Kijapani, na maandishi ya Kifaransa yanazimika. Nitasimama kando na kijiti kama Baba. Ikifika mlangoni nazima, nasema umeme umekatika. Nani atabisha, nchi hii? Maoulida anaona ni uongo. Namwambia ni urithi. Leo nimefanya mazoezi jikoni, wali ukaungua.

Jumatatu, 14 Agosti
Nilitaka kujua Baba alikuwa akikomea picha ipi hasa. Nikaipeleka kanda ya Baba, niliyoitunza tangu afe, kwa Tadjiddine, fundi wa mtaa wa Mangarivotra, ambaye deki yake bado inazunguka. Aliniuliza imeharibika wapi. Nikamwambia, pale mlangoni.

Ikapita mlangoni bila mkwaruzo. Kiti kitupu, upepo, majina, mpaka mwisho. Nzima kabisa! Tadjiddine anasema haijawahi kuharibika popote.

Basi kilikuwa kidole cha Baba kwenye kitufe. Kila onyesho. Mtu aliyempa jina la mwanawe hatoki, naye kakataa tulione hilo. Nimerudi kwa miguu nikilia waziwazi mbele ya wauza korosho.

Ijumaa, 18 Agosti
Nosy Be. Siku mbili za taksi-brusi, kibasi kilichosheheni watu na mizigo, na boti ya kuvukia kutoka Ankify imenilowesha mpaka leso ya kichwani. Nourdine amenenepa! Bintiye Echa, miaka tisa, ana maswali kama karani wa forodha.

Sijamwambia kuhusu kanda. Mara tatu nimefungua mdomo, mara tatu nimeomba chai. Ana furaha mno, anapanga viti. Nitamwambia kesho, baada ya onyesho.

Jumamosi, 19 Agosti
Jikoni kwa Nourdine. Naandika kabla sijasahau neno.

Sebule ilijaa, mablanketi madirishani, jua la saa kumi nje. Nilisimulia — walipiga makofi, Katsepy iliungua barabara! Nourdine mbele kabisa, anayataja maneno ya Baba kabla yangu. Mlangoni nikabonyeza rimoti. Giza! Nikatangaza: umeme.

Na feni ya dari inazunguka juu ya vichwa vyao! Echa ndiye aliyeinyooshea kidole. Wote wakacheka. Nourdine hakucheka.

Amenifuata huku jikoni. Akauliza kuna nini mlangoni. Nikasema kiti kitupu. Akasema, basi Baba hakuujua mwisho huu. Hapo ndipo nikamwambia yote: Tadjiddine, kanda nzima, kidole.

Ameketi juu ya dumu la mafuta, kanipa mgongo. Mara tatu ameniuliza: kila onyesho? Kila onyesho, namjibu. Miaka yote kumi na moja ya ukumbi ule.

Sebuleni wanapiga miguu chini, wanataka mwisho wao. Echa kasimama mlangoni, anamuuliza baba yake kama rubani anatoka au hatoki. Nourdine anajifuta uso kwa mkono wa shati. Rimoti ameichukua yeye, na kijiti, na anamwambia Echa: anatoka mzima, anakwenda kumwamkia mama yake.