Jino Alilonipandikizia Mdogo Wangu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta magoti yakiwa yametulia na usingizi unaupata. Mimi mwili wote ni mzima isipokuwa kinywa, na habari za kinywa ndizo zilizonikalisha niandike. Najua zimekwisha kukufikia, maana shangazi hana breki. Basi sikiliza na upande wangu, na univumilie, kwa sababu nina hasira, na hasira na adabu sijui kuziandika kwa kalamu moja.

Unalikumbuka jino alilonipandikizia kitinda mimba wako mwaka jana, lile la chini kushoto. Alinieleza wakati ule kwamba kuna nguzo ya chuma inayozikwa ndani ya mfupa, na juu yake linakaa jino la bandia, limeshikwa na skrubu ndogo, halafu tundu la skrubu linazibwa. Akanihakikishia nitatafuna nalo mpaka nizeeke. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu, nimeinama dukani juu ya saa ya mteja, nikaligusa kwa ulimi, likacheza. Wala halikuuma. Lilicheza tu kila nilipofunga mdomo. Mama, nina miaka ishirini na sita katika ufundi wa saa, na kitu kinachocheza kinaninyima raha kuliko kinachouma.

Nikampigia simu. Badala ya kuniambia njoo sasa hivi, akaniambia nije Alhamisi, wagonjwa wamejaa, nitafunie upande wa kulia na nisiliguse. Akarudia kwamba nisiliguse, kama anayemkanya mtoto. Nilipomjibu kuwa skrubu nilizijua yeye hajaota hata meno ya utoto, akacheka, akasema kaka, hiyo si saa. Mama, huyo nilimbeba mgongoni. Kufunga kamba za viatu nilimfundisha mimi. Leo kavaa koti jeupe, basi nimekuwa mtu wa kukatazwa kushika jino lililo mdomoni mwangu mwenyewe.

Alhamisi ilipofika jino lilikuwa limelala upande kabisa. Nikaenda, hasira zimeiva. Dada wa mapokezi akanielekeza kwenye benchi, akasema wapo watu saba mbele yangu. Nikamwuliza kama ananijua mimi ni nani. Akasema ananijua vizuri, ni kaka wa daktari, na nambari yangu ni nane. Hapo nikapasuka. Nilisimama katikati ya chumba, nikafungua mdomo, nikaliinua lile jino kwa kidole ili kila mtu alione, nikawaambia hii ndiyo kazi ya daktari wenu, na kama anamfanyia hivi ndugu yake wa tumbo moja, wao wajifikirie. Mama mmoja aliyemleta binti yake akamshika mkono wakatoka. Wakafuata wengine wawili.

Mdogo wangu akaja na glavu zake mikononi. Hakunikemea. Akaniingiza ndani, akanilaza kwenye kiti, akawasha taa, akaangalia kwa muda mrefu mno. Akachukua kioo, akaangalia tena, kisha akanitazama usoni, na mimi nikatazama dari. Akalitoa jino pamoja na kipande cha skrubu iliyovunjika, akavifunga kwenye karatasi, akatia mfukoni. Halafu akatoka mpaka kwenye benchi, akawaambia waliobaki kwamba nilikuwa na haki ya kukasirika, skrubu ilikuwa na hitilafu na kosa ni lake. Tangu siku hiyo mtaani wanamwita Daktari Legelege. Wagonjwa wamekimbia, na mwenye kliniki amemwambia kwamba wasiporudi hadi mwisho wa mwezi, afungashe vyombo vyake.

Na wewe ukaniandikia nimsamehe. Ukanikumbusha kwamba mkubwa ni jalala. Barua yako nimeisoma mara nne, na kila nikiisoma damu inanichemka, na nimechoka kukuacha uamini kwamba nimemkasirikia yeye.

Mama, nililikaza mwenyewe. Ile Jumanne asubuhi, kabla sijafungua duka, niliweka kioo mezani na lenzi yangu jichoni, nikachokonoa kizibo, nikachonga bisibisi ndogo kuliko zote nilizonazo mpaka ikaingia, nikakaza. Ilikuwa imelegea kidogo tu, yeye angeimaliza kwa dakika tano. Ilipokaza nikaongeza mzunguko mmoja wa ubishi, nikasikia inakatika ndani ya taya. Mimi huyu, ninayewafokea wateja wanaofungua saa kwa kisu cha jikoni. Nikaziba tundu kwa nta ya mshumaa, nikajinyamazia. Na yeye aliona kila kitu, mikwaruzo ya bisibisi na nta yenyewe. Alijua, na bado akanisitiri mbele ya watu wale wale niliotaka wamcheke. Angenitukana ningemudu. Hili la kusitiriwa na mtoto niliyemlea ndilo linaloniwasha, na nimejikasirikia mwenyewe.

Usimwambie chochote, na tafadhali shangazi asiisikie mapema. Kesho nakwenda kliniki. Nitachukua nambari kama wengine, na benchi likijaa nitasimama, nifungue mdomo wenye pengo, niwaeleze ni nani aliyelivunja jino. Keshokutwa nitarudi niwaeleze watakaokuwepo, na siku inayofuata pia. Yule mama na binti yake sijui wanakaa wapi, lakini nimeanza kuulizia, nyumba kwa nyumba.

Meza dawa zako kwa wakati, na majirani wote wape salamu zangu. Niombee nisije nikageuza njiani.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Fundi saa