Mashine Inataka Ram Sitini na Nne

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Ndinda amelisha kompyuta uji. Sasa hivi tu, nimegeuka kufungia kuku. Kijiko kizima, kwenye kale kamdomo ka kuingiza diski. Mashine ilikuwa inanguruma, na yeye anajua kitu kikinguruma hivyo kina njaa — ndivyo babake anavyofanya. Nimetoa uji kwa kijiti cha kiberiti. Mutunga asijue.

Lakini mtoto amesema kweli. Hiyo mashine ina njaa tangu iingie hapa Mwingi. Mutunga aliitoa ofisi fulani Nairobi, kuukuu, ili aache kukata video za harusi kwa deki mbili, moja inacheza, nyingine inameza kanda. Sasa kuna programu. Nyuma ya boksi lake wameandika vile vitu mashine lazima iwe navyo. Mutunga alinisomea leo asubuhi, sauti ya mhubiri kabisa. Pentium — tunayo. CD — tunayo. Diski kubwa yenye nafasi — nafasi gani, imejaa michezo yake ya karata. Ram sitini na nne — sisi tuna thelathini na mbili.

"Shida ni ram," akasema.

Mamake alikuwa mlangoni anachagua ndengu. Akainua kichwa. "Ram si ni kondoo dume? Sisi tulifundishwa hivyo."

"Hii ni kumbukumbu ya kompyuta, mama."

"Na inataka sitini na nne?"

"Ndiyo."

"Ee. Hata babake huyu Muthoki wako hakuitisha hivyo. Alisema mbuzi watatu tu, na mpaka leo anangoja."

Mutunga akaanza kutafuta waya chini ya meza. Hakuna waya uliokuwa umepotea.

Jumanne, 9 Novemba

Niandike vizuri hiyo mambo ya mbuzi, maana inaniuma. Ntheo yangu haijaenda kwetu. Mbuzi watatu, basi, mwanamume apeleke kwa babangu Matinyani, ndipo mimi niwe bibi wa mtu. Bila hao, mimi hapa ni mgeni aliyekuja kutembea akazaa. Na Ndinda ni mtoto wa kwa babangu, si wa hapa. Mbuzi wenyewe wako hapo nyuma ya choo, wamenona na hii mvua. Niliwachunga mimi. Mutunga aliapa watafika kabla ya Krismasi.

Leo amesema anawauza.

Sababu ni Kaluki, binti wa pasta. Harusi yake lazima ionyeshwe kanisani Jumapili baada ya ibada, pasta ameshatangaza. Na kila Mutunga akiweka nyimbo juu ya picha, mashine inakwama palepale Kaluki akiwa amefungua mdomo kupokea keki. Amekaa hivyo tangu jana. Keki haiingii. Nikipita na ndoo ananiangalia na meno yote.

"Abdow wa mifugo anakuja Jumamosi kuwaona," Mutunga akasema. "Nitapata ram. Babako amengoja miaka miwili, si atangoja kidogo?"

Nikaenda kupika. Sukuma wiki ilikuwa na chumvi nyingi. Amekula yote, anajua.

Jumatano, 10 Novemba

Abdow, yule mfanyabiashara wa mifugo, alipita akienda msikitini. Ni mtu mzuri, ana mdomo tu.

"Mama Ndinda, nimesikia mzee wako anatafuta ram. Mimi niko na wa Garissa, kichwa cheusi, mkia mnene. Lakini hiyo kompyuta ina mlango mkubwa?"

Nilicheka mpaka nikakasirika. Mji mzima unajua.

Alhamisi, 11 Novemba

Ndani ya boksi kuna kitabu kidogo. Mutunga hajawahi kukifungua, wanaume husoma nyuma ya boksi tu. Mwishoni kuna ukurasa wa mashauri, jinsi ya kuifanya mashine iende mbio bila kuiongezea kitu. Bila kuiongezea kitu! Nilirudia huo mstari na dikshonari yangu ya darasa la nane kwa mkono mmoja, Ndinda kwa titi.

Wanasema, funga programu zingine zote. Sawa. Hata mimi sipiki ugali na kuosha nguo na kusuka kwa wakati mmoja — haya, napika, lakini vinaungua.

Wanasema, zima ile picha inayocheza ukiiacha mashine peke yake. Ni wale samaki wanaoogelea kwa kioo. Wanakula bure. Nimewazima. Ndinda amelia samaki.

Wanasema, toa usichotumia. Nimetoa karata.

Halafu kuna neno refu ambalo dikshonari haina, lakini katikati yake kuna "fragment", na hilo lipo: kigae, kipande cha chungu kilichovunjika. Kumbe filamu ikilala kwenye diski inalala vigae vigae, na mashine inahangaika kuokota. Nikabonyeza. Vidonge vya rangi vikaanza kutembea kwa kioo, kimoja kimoja, kama siafu wanahama. Mama Mutunga akavuta kiti. Tumekaa hapo mpaka ng'ombe wakarudi. Amesema ni afadhali kuliko televisheni, hakuna mtu anayepigwa.

Jioni Mutunga anatafuta karata zake. Nimemwambia zimehama.

Ijumaa, 12 Novemba

Bado inakwama. Lakini sasa Kaluki ameshika kipande cha keki mdomoni, nusu ndani. Ni maendeleo.

Mstari wa mwisho wa kitabu: usiweke madoido mengi. Nikaangalia kazi ya Mutunga. Mungu wangu. Mioyo inaruka kutoka kila kona. Kaluki anatoka kwa gari, mioyo. Pasta anaomba, mioyo. Ng'ombe anapita nyuma ya hema, moyo.

"Hii mioyo ndiyo inakula ram," nikamwambia.

"Harusi bila mioyo ni harusi gani?"

"Ile ambayo mbuzi wamefika."

Sikupanga kusema. Ilitoka tu. Mamake akakohoa huko jikoni, kikohozi cha mtu mzima kabisa wa afya.

Mutunga akageukia kioo. Halafu akasema, haya, toa. Ikipika yote kesho bila kukwama kabla Abdow hajawachukua, mbuzi ni wa mzee wa Matinyani. Kupika ndiyo anaita ile kazi ya mwisho, mashine ikiunganisha picha na nyimbo iwe kitu kimoja. Ikikwama, mbuzi ni wa Abdow.

"Nimesikia," mamake akasema. "Hata ndengu zimesikia."

Nimetoa mioyo yote. Nimeacha mmoja, kwa ng'ombe.

Jumamosi, 13 Novemba

Inapika. Hakuna mtu anayepumua. Nimeficha pasi ili mtu asivute stima. Ndinda nimemfunga mgongoni, asije akailisha. Naandika nimesimama, kwa dirisha.

Abdow amefika mapema. Amekaa nje na chai, anasubiri kwa adabu. Anamwambia Mama Mutunga hajawahi kuona mbuzi wakiamuliwa na harusi ya watu wengine.

Nusu imepita. Maombi yamepita. Pasta ameongea mpaka mashine ikatoa sauti ya kuchoka, nikafikiri basi, lakini ikaendelea. Afadhali yake, sisi kanisani hatukuwa na namna.

Keki.

Imekaa. Imekaa sana. Mutunga ameshika kichwa.

Kaluki amefunga mdomo! Anatafuna. Jamani, anatafuna!

Nimelia kidogo. Ndinda amepiga makofi hajui ni ya nini.

Ule mstari unaojaa chini ya kioo umefika mwisho, na Mutunga ameinuka na kutoka. Hakuniangalia. Huko nje nasikia Abdow anacheka, Mutunga anaongea chini chini, mbuzi wanalia. Ahadi ya mwanaume kwa mashine ni ahadi gani, na Abdow ameshika pesa mkononi.

Sasa ananiita. Anataka kamba, zote tatu.

Mimi sileti. Aje achukue mwenyewe.

Anaita tena. Anasema pia nivae vile viatu vyangu vya kanisa, tusichelewe, njia ni ndefu. Viatu vya nini, kama wanaenda tu hapo kwa Abd—