Picha ya Balozi na Mtoto Kitandani

Kisumu,
Jumanne, 14 Novemba 1989

Mpendwa ndugu yangu Gordon,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mama Adero, na kwa Adero mwenyewe ambaye sasa yuko darasa la tatu na anajua kuandika jina lako bila kukosea. Sisi hatujambo, ila mama Adero bado anasumbuliwa na jino na hataki kusikia habari ya kung'olewa. Natumaini huko Lodwar nanyi mko salama, wewe, mama watoto na wanafunzi wako, na kwamba maji ya kunywa yanapatikana kwa urahisi kidogo kuliko ulivyoniandikia mwanzoni.

Barua yako niliipata. Nimekaa nayo wiki tatu bila kujibu, jambo ambalo si kawaida yangu kwako. Uliniomba nikuchapishie kwa ukubwa ile picha ya gazeti, ya balozi akiwa ameinama juu ya kitanda cha marehemu Ochieng, ili ukija Desemba umpelekee dada yako Perez ikiwa kwenye fremu. Ulisema mpwa wako ulimwona mara moja tu, akiwa wa miezi miwili, na kwamba hiyo ndiyo sura yake pekee uliyo nayo. Kabla sijakujibu kuhusu picha, acha nikueleze siku ile ya Machi ilivyokuwa, maana ulichosimuliwa ni kile tulichoandika gazetini.

Wewe unajua kazi yetu hapa *Mwanga wa Ziwa*. Mgeni wa serikali akija, habari huandikwa kabla hajafika. Siku mbili kabla ya ziara tuliletewa hotuba zote zikiwa zimepigwa taipu, na mhariri wetu, Bwana Wakhisi, akanikalisha mezani. Nikaandika kwamba balozi alifurahishwa na mapokezi, kwamba wananchi walijitokeza kwa maelfu, na kwamba mama mmoja alishindwa kuzuia machozi ya furaha. Hiyo ilikuwa Jumanne. Balozi alikuja Alhamisi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshapangwa, umebaki mraba mweupe katikati. Wakhisi akaniambia anataka balozi na mgonjwa, tena mgonjwa mtoto, na kwamba nikiipata vizuri hata magazeti ya Nairobi yatatuomba.

Nilifika kwenye zahanati mpya aliyokuja kuifungua balozi, kule kwenu ng'ambo ya Pap Onditi, saa mbili asubuhi. Rangi ya ukutani ilikuwa bado mbichi. Vitanda kumi vilikuwa vimeazimwa vikaja na lori usiku uliotangulia, pamoja na shuka, makabati na maboksi ya dawa. Wagonjwa wa kweli walikuwa wanne tu. Mmoja alikuwa Ochieng. Dada yako alikuwa amemleta alfajiri akiwa na malaria iliyompanda kichwani, na muuguzi wa pale, Nasipwondi, msichana wa Bungoma asiyependa maneno mengi, alikuwa amemtundikia chupa ya maji ya mshipa yenye dawa. Nilimkuta mtoto ametulia. Nasipwondi aliniambia homa imeanza kushuka, na kwamba akimaliza chupa mbili atakuwa amepita pabaya.

Kina mama wote waliamriwa watoke wakajipange barabarani na majani mikononi, wafundishwe wimbo. Perez hakutaka. Karani wa chifu akamwambia kwamba mtoto wake yuko mikononi mwa serikali na kwamba asiyeimba leo asije kesho kuomba dawa. Akatoka. Aliniomba nimwangalizie mtoto kwa macho, kwa kuwa mimi ni mtu wenu, niliyesoma pamoja na wewe kaka yake.

Baadaye kidogo ikaamuliwa kwamba Ochieng aondolewe wodini. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na alikuwa akitapika kila baada ya muda. Nasipwondi alisimama mbele ya kitanda. Alisema, "Huyu hatolewi hapa. Ukimtoa hiyo maji, unamuua." Hakusikilizwa. Sindano ilichomolewa, mtoto akabebwa hadi kibanda cha nyuma walikokuwa wakipika chakula cha wageni, akalazwa juu ya gunia kando ya kuni, katika moshi. Kitandani pake akalazwa mtoto wa karani, mzima kabisa, mnene, ameahidiwa soda. Blanketi la Ochieng, lile la kijani alilolifuma mama yenu, liliachwa palepale kwa sababu rangi yake ilipendeza. Nasipwondi akapelekwa kwenye mstari wa kumpokea mgeni na askari akasimama karibu naye.

Balozi alitarajiwa saa nne. Alifika saa nane kasoro. Wodini alikaa dakika saba, nilizihesabu. Akainama juu ya mtoto wa karani, akamgusa paji la uso, nami nikapiga. Mkono wake ulifunika nusu ya uso wa mtoto. Watu wa redio walirekodi wimbo wa kina mama, na dada yako alikuwa mstari wa mbele, kwa kuwa sauti yake ni nzuri. Ukiipata ile kanda, sauti inayotangulia wenzake ni ya Perez.

Msafara ulipoondoka, lori lilirudi nyuma mpaka mlangoni na vitanda vikaanza kupakiwa. Maboksi ya dawa nayo yakapakiwa. Perez alipoingia hakukuta kitanda wala mtoto. Akaambiwa kwamba Ochieng ametolewa sasa hivi tu ili vitanda viondoke, na akaelekezwa kibandani. Nasipwondi alikuwa amekwisha kufika huko, amepiga magoti, anatafuta mshipa ambao haukupatikana tena. Magari yote yalikuwa yamemfuata balozi. Mtoto alipakiwa kwenye baiskeli, mama yake akimshikilia kwa nyuma, wakielekea Katito kutafuta usafiri. Hawakufika. Alikufa barabarani, jua likiwa bado juu, na Perez akatembea naye kurudi nyumbani akiwa amembeba mgongoni kama mtoto aliyelala.

Gazeti lilitoka Jumamosi. Sikubadilisha neno hata moja, hata yale machozi ya furaha.

Wiki iliyofuata, baada ya mazishi, dada yako alikuja ofisini akiwa na gazeti limekunjwa ndani ya kanga. Aliliweka mezani kwangu, akaweka kidole juu ya blanketi la kijani, ingawa gazetini lilikuwa jeusi. Akaniuliza, "Baba Adero, huyu si Ochieng?"

Nikamwambia, "Ndiye."

Alishukuru. Alisema hakuwahi kupata nafasi ya kumpiga picha hata siku moja, na kwamba angalau mtu mkubwa alimwekea mkono kabla hajafa. Picha hiyo ameibandika ukutani, juu ya kiti anachokalisha wageni. Anawaonyesha wote wanaoingia. Mwaka huu wote amekuwa akimuombea mtoto wa karani, Gordon, akidhani ni wake, na mtoto huyo wa karani anapita kwenda shule mbele ya boma lake kila asubuhi.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha wiki tatu. Nimeandika hapo juu kwamba "ikaamuliwa" mtoto aondolewe. Nimefanya kazi ya gazeti kwa miaka tisa na najua neno hilo linatumika kumficha nani. Chifu hakuamua. Chifu alisema mtoto abaki, balozi aone mgonjwa wa kweli ndipo atoe msaada zaidi. Karani naye alinyamaza. Ni mimi. Nilitazama kwenye kamera, nikaona mdomo uliopasuka na matapishi kwenye shuka, nikasema, "Mtoeni huyo, ataniharibia picha." Nasipwondi alipokataa, nikamwambia askari kwamba muuguzi anavuruga ziara. Sindano niliichomoa mimi kwa mkono wangu, kwa kuwa wengine waliogopa damu.

Uchunguzi wa kifo hicho ulipofanywa, faraghani na bila Perez kuitwa, Nasipwondi alieleza yote. Mimi niliitwa, nikaandika na kutia sahihi kwamba nilimkuta mtoto kibandani asubuhi, hajatibiwa. Alifutwa kazi kwa uzembe. Nasikia anauza ndizi Webuye.

Na kuna jambo moja zaidi. Asubuhi ile, kabla ya kumtoa, nilimpiga Ochieng picha moja ili nipime mwanga. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama sawasawa, na alitoka vizuri sana. Alifanana na wewe, hasa kwenye masikio. Siku Perez alipokuja ofisini, kile kipande cha filamu kilikuwa kwenye droo, kati yangu na yeye. Alipotoka nilikitoa nikakikata kwa makasi vipande vidogovidogo, nikavitupa chooni, kwa hofu kwamba mtu angekiona na kuuliza mtoto huyu kitandani ni nani. Kwa hiyo sura ya mpwa wako haipo tena popote. Ninayoweza kukuchapishia ni ya mtoto wa mtu mwingine.

Picha ile ilimpendeza balozi. Iko kwenye kalenda ya ubalozi ya mwaka ujao, ukurasa wa Machi, na mimi nimepewa nafasi ya masomo ya mwaka mmoja nchini kwake. Ijumaa jioni napanda treni kwenda Nairobi, na Jumapili ninaruka. Nimehesabu siku za posta mpaka Lodwar. Barua hii utaisoma nikiwa nimekwisha kuondoka, na nimeipanga hivyo.

Kama utamwambia dada yako au utamwachia picha yake ukutani, hilo nakuachia wewe. Mimi nimejaribu mara tatu, na kila mara yeye ndiye aliyeanza kunishukuru. Jana alikuja hapa nyumbani kwa miguu kutoka stendi, akaniletea omena za kukaanga za kula safarini, akamwambia Adero kwamba baba yake ni mtu mwema. Nilizipokea. Jioni tulizila na ugali, zilikuwa tamu.

Nisalimie mama watoto na walimu wenzako. Mama Adero anabaki hapa nyumbani, na hajui lolote kati ya haya, nakuomba usimhukumu pamoja nami. Perez amesema Ijumaa atafika stesheni kuniimbia ule wimbo wa kumpokea balozi, wakati huu wa kuniaga. Akikuandikia kwamba aliuimba mpaka mwisho, basi ujue nilisimama dirishani nikampungia mkono.

Ni mimi uliyemwita ndugu,
Tom Oketch