Alama Niliyoiweka kwa Mkono Wangu

Bariadi mjini,
Jumatano, 21 Mei 2025.

Kaka yangu Mashimba,

Mwangaluka, kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Milembe na watoto wote hapo Shishiyu, na kwamba ule mguu umepoa. Nasikia mpunga umewakubali mwaka huu, tunamshukuru Mungu. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo mgonjwa, na ndiyo inayonifanya niandike.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Jana nilikupigia mara tatu, na kila ulipopokea nikauliza habari za ng'ombe nikakata. Nakujua, kaka. Ningeanza kueleza ungenifokea kabla sijafika katikati, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujafunga safari ya Jumamosi kwenda Ipililo kudai ng'ombe wetu kumi na wawili wa mahari.

Nianze na kazi ya Precious, maana Jumapili kule kwenye kikao cha wazee tuliieleza ovyo. Tangu Machi mke wangu anapita mashamba ya pamba huko Bukundi, yeye na mwenzake mwenye pikipiki, Marcelo. Kila shamba linapigwa picha, na kila picha lazima ioneshe kwenye ramani imepigwa wapi, la sivyo mradi uliowaajiri hauipokei. Kamera waliyopewa haijui mahali. Kwa hiyo simu ya Precious inakaa mfukoni ikiandika njia anayopita, kuanzia anapoiwasha asubuhi, na mwisho wa wiki mimi naingiza vyote kwenye kompyuta yangu ya dukani. Kompyuta inaangalia picha imepigwa saa ngapi, inaangalia saa hiyo simu ilikuwa wapi, kisha inaweka alama nyekundu kwenye ramani. Ni kazi ya dakika kumi, na nilikuwa naifanya kwa majivuno.

Nisikufiche, Marcelo nilimchukia kabla ya ramani yoyote. Kijana mrefu, shati limenyooka hata akitoka porini, na akimshusha Precious hapa mlangoni anamshikia begi. Mimi katika miaka sita sijawahi kumshikia begi. Tukikaa kula ni Marcelo kasema hivi, Marcelo kafanya vile, Marcelo anaziba pancha mwenyewe, Marcelo anajua kusonga ugali. Ugali! Nani hajui kusonga ugali? Nilikuwa nameza tonge huku roho inaniuma. Kwenye khanga wanaandika mwenye wivu ajinyonge. Kaka, kidogo tu niombe kamba.

Basi, mwanzoni mwa mwezi huu zikaja hizo alama. Picha nyingi hazikupata mahali kabisa, na zilizobaki zote ziliangukia sehemu moja pale Mwanhuzi, kwenye gesti anayolala Marcelo. Siku tano, gesti tu. Na Precious alikuwa ananiambia analala kwa shangazi yake Flora! Ni kweli picha zilionesha pamba, lakini nyuma ya gesti ile pamba imelimwa mpaka ukutani. Nikajijibu kwamba wamepiga hiyo hiyo wakarudi ndani, na zile zisizo na mahali ni muda waliozima simu. Njia nzima ya wiki ilikuwa humo humo kwenye simu, ningeifungua ningeiona. Sikuifungua.

Nilipomuuliza, alisema asubuhi wote hukutana hapo gestini kunywa chai na kugawana mashamba, kisha huondoka. Nikamwambia sijawahi kusikia chai ya siku tano. Akalia, na kile kilio nikakihesabu kuwa ushahidi. Kesho yake akabeba nguo zake akaenda kwa baba yake, mzee Bujiku, huko Ipililo, nami nikakupigia uitishe kikao. Hayo unayajua. Usiyoyajua yanaanza hapa.

Ijumaa, siku mbili kabla ya kikao, kamera ilikuwa bado kwangu. Niliiwasha saa nne asubuhi. Kioo chake kiliandika nne kamili, na kompyuta iliyokuwa pembeni iliandika kumi kamili. Nilikaa chini. Nikakumbuka kwamba Jumapili ile kabla Precious hajasafiri betri ilikufa, saa ya kamera ikafutika, na aliyeirekebisha ni mimi. Nilimuuliza Precious ni saa ngapi, akanijibu kutoka jikoni kwamba ni saa moja na nusu asubuhi, nami nikaandika moja na nusu kama tunavyosema sisi, badala ya saba na nusu kama mashine zinavyohesabu. Kwa hiyo picha ya saa nane mchana kompyuta iliidhani ya saa mbili asubuhi, wakati wa chai. Na za asubuhi iliziona za alfajiri, simu haijawashwa bado.

Nikaongeza saa sita, nikairudia kazi. Alama zote zikahamia Bukundi, kila moja kwenye shamba lake. Mke wangu alikuwa safi.

Hapo mwanaume mwenye akili angekupigia simu. Namba yako nilikuwa nimeshaitafuta. Ila picha ya mwisho nilikuwa sijaitazama vizuri. Haikuwa ya mradi, aliipiga Marcelo. Precious amesimama katikati ya pamba, kitambaa kimemteleza kichwani, anacheka mpaka macho yamefumba. Saa nane mchana, jua kali, shamba la watu, hakuna kosa lolote. Lakini kaka, mimi hajanichekea hivyo tangu nimuoe. Iliniuma kuliko gesti. Kwa gesti ningemshtaki, kwa kicheko ningemshtaki wapi?

Kompyuta inakuruhusu kuhamisha alama kwa mkono. Niliishika ile nyekundu ya picha hiyo, nikaivuta kutoka Bukundi, nikaiachia juu ya paa la gesti. Nikachapa kwa rangi. Hiyo ndiyo karatasi uliyoinyanyua Jumapili mbele ya wazee, ukasema mashine haina shemeji wala mkwe. Mzee Bujiku akainamisha kichwa. Precious aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Alijua picha ile ilipigwa wapi, na alijua nyumbani kwetu nani anaweka alama.

Mchuma janga hula na wa kwao, na wewe nimekupakulia bila kukuuliza. Nisamehe, kaka. Jumamosi nenda Ipililo, lakini uende na barua hii. Isome kwa sauti mbele ya mzee Bujiku na wote waliokuwepo, usiruke chochote, hata ile habari ya ugali. Ng'ombe waache. Wakitutoza faini kwa kumsingizia binti yao, toa lile dume langu lililo zizini kwako. Picha zote nimeshazituma ofisini kwa Precious zikiwa na mahali pake pa kweli. Usimwombe arudi. Hilo, kama lipo, ni la kuombwa na mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Mpaka leo sijamuuliza alikuwa anacheka nini.

Msalimie sana shemeji, wapapase watoto vichwa kwa niaba yangu, na Mungu akupe subira ya kumaliza kunisoma.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupa uongo ukausema kwa kinywa chako,

Sylvester.